Nilivyochagua shahada ya kwanza nikitaka kufanya kazi na watoto wagonjwa

Mhitimu wa kidato cha sita anayeupekua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, akitafuta shahada ya kwanza ya udaktari wa watoto, ataufunga bila kuiona. Ataikuta Shahada ya Udaktari wa Binadamu, ataikuta ya Uuguzi, ya Famasi, ya Fiziotherapia, ya Lishe ya Binadamu na ya Sayansi za Maabara ya Tiba, lakini mtoto hatajwi katika majina hayo. Mtoto huja baadaye, kwenye shahada ya uzamili, au huja kwa njia ya kazi yenyewe, kutegemea mahali utakapopangiwa na wagonjwa utakaoamua kuwafuata. Mimi ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, na wengi wa wagonjwa wangu hawajafikia umri wa kuanza shule. Naeleza jinsi nilivyofika hapa kwa sababu kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, hupigiwa simu na wazazi wanaosema kijana wao anapenda watoto, kisha wananiuliza ajaze nini.

Uamuzi wenyewe huanza mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwanafunzi wa kidato cha nne hujaza selform, fomu ya kuchagua masomo na shule za mbele, na tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, anayopangiwa kidato cha tano ndiyo inayomfungulia au kumfungia milango. Anayetaka udaktari hana budi kuwa na Fizikia, Kemia na Biolojia, yaani PCB. Uuguzi na lishe huwapa nafasi hata baadhi ya waliosoma Kemia na Biolojia pamoja na somo jingine. Nilijaza PCB kwa kuwa mwalimu wangu wa Biolojia alinieleza kwamba mwenye PCB anaweza kuteremka kwenda fani yoyote ya afya, ilhali asiye nayo hawezi kupanda. Lugha hiyo ya kupanda na kuteremka sikuipenda na hadi leo siipendi, ila kuhusu milango mwalimu alisema kweli.

Nilipokuwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita, shangazi yangu, ambaye ni muuguzi mstaafu, aliniombea nafasi ya kujitolea katika wodi ya watoto ya hospitali moja ya wilaya mkoani Tanga. Kazi zangu zilikuwa ndogondogo: kupeleka faili, kuhakikisha ndoo ya kunawia haikauki, kumtuliza mtoto anapowekwa kwenye mizani. Hata hivyo, kukaa pale kulinifunza kuhusu uchaguzi wa fani mambo ambayo siku ya taaluma shuleni haikuyagusa, kwa sababu pale niliwaona wataalamu mbalimbali wakimhudumia mtoto yule yule, kila mmoja kwa namna yake.

Daktari alipita raundi kuanzia saa tatu asubuhi. Alisimama kwenye kila kitanda kwa dakika chache, akamsikiliza mama, akafunua kifua cha mtoto na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima macho yakiwa kwenye saa. Mtoto wa miezi sita akifikisha pumzi 50 kwa dakika anahesabiwa kuwa anapumua haraka; kwa mtoto wa miaka miwili, 40 zinatosha kumtia daktari wasiwasi. Kisha aliamua, akaandika, akasogea kitanda kinachofuata, na baada ya raundi alikuwa na wodi nyingine inayomsubiri. Muuguzi alibaki. Yeye ndiye aliyetafuta mshipa kwenye mkono wa kichanga aliyekaushwa na kuharisha, ndiye aliyepiga hesabu ya dawa kwa kilo, maana mtoto hapewi dawa kwa kukadiria. Paracetamol, kwa mfano, ni miligramu 15 kwa kila kilo, hivyo mtoto wa kilo nane anahitaji miligramu 120, ambazo kwenye chupa ya dawa ya maji yenye miligramu 120 katika kila mililita tano ni kijiko kimoja cha kupimia. Afisa lishe alikuja na utepe wake wa kupima mzingo wa mkono wa juu. Mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano mzingo huo ukiwa chini ya sentimita 11.5 huyo ana utapiamlo mkali, na huanzishiwa maziwa maalumu ya F-75 kidogokidogo kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, mpaka hamu ya kula irudi ndipo ahamie F-100, maziwa yenye nguvu zaidi. Fundi wa maabara alipokea kichupa cha damu chenye jina na umri, na pengine hakuwahi kuiona sura ya mwenye damu ile, ingawa bila yeye daktari angekuwa anabahatisha.

Sista kiongozi wa wodi aliponiuliza nataka kusomea nini, nilimjibu kama walivyojibu wenzangu wote wenye alama nzuri, kwamba nataka udaktari wa watoto.

"Vizuri, binti," akasema. "Lakini usitazame cheo. Muulize kila mtu hapa, saa nane mchana huwa anafanya nini. Kazi ya mtu ni ile ya saa nane mchana."

Nilifuata ushauri wake kwa utii kiasi cha kuwakera baadhi ya watu. Saa nane mchana daktari alikuwa chumba cha upasuaji au wagonjwa wa nje, akiwaona watu wa kila umri. Muuguzi alikuwa anaandika taarifa ya makabidhiano huku akiitwa vitanda viwili kwa pamoja. Mfamasia alikuwa dirishani, akimweleza mzazi kwa mara ya tatu kwamba dawa ile inaanza kwa kutikiswa. Kazi zote hizo zilikuwa za heshima, nami sikujiona katika hata moja, jambo lililonisumbua kwa muda.

Fiziotherapia niliifahamu kupitia nyumbani. Mtoto wa mama mdogo alizaliwa bila kulia, akachelewa kushtuliwa, na alipotimiza mwaka shingo yake ilikuwa bado inaanguka. Aliambiwa ana mtindio wa ubongo. Nilimsindikiza mama mdogo kliniki mara kwa mara, na tofauti ya muda niliiona waziwazi kabla sijajua kuieleza. Daktari aliyemwona alikuwa mpole na makini, akabadilisha dawa ya kifafa na kutupatia tarehe ya kurudi. Kisha tuliingia chumba cha pili, ambako mtaalamu alivua viatu, akaketi chini kwenye godoro, akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mto wa mviringo, akaweka njuga mbele yake na kusubiri. Alisubiri kwa muda mrefu sana. Mtoto akainua kichwa, akakidumisha juu kwa muda wa kuhesabu moja hadi nne, akaanguka. Yule bwana akamwambia mama mdogo, "Mama, umeona? Sasa wewe utafanya hivi nyumbani, asubuhi kabla ya uji na jioni kabla ya kuoga." Saa nane mchana yake ilikuwa ile, na niliitamani.

Matokeo yalipotoka, alama zangu zilitosha kuomba udaktari, na hapo ndipo kikao cha familia kilipokuwa kigumu. Baba mdogo, mwalimu wa sekondari aliyenilipia sehemu kubwa ya ada, aliliona suala hilo kwa jicho la mtu aliyeshawahi kuona vijana wenye vyeti wakikaa barazani.

"Mwanangu, una alama za udaktari halafu unataka kuzitupa?"

"Sizitupi, baba mdogo. Nimewaona madaktari, na kazi yao naiheshimu. Mimi nataka ile ya kukaa na mtoto mpaka asimame."

"Na hiyo ya kukaa na mtoto ina ajira?"

Swali lake lilikuwa la haki. Nilikuwa nimelitafutia jibu: matangazo ya serikali ya ajira za kada za afya huitaja nafasi ya Mfiziotherapia Daraja la II kama yanavyoitaja ya Afisa Muuguzi na ya Daktari, ingawa nafasi zake huwa chache zaidi. Sikumficha uchache huo. Tulipiga hesabu pamoja kwenye karatasi. Udaktari ni miaka mitano darasani na hospitalini, mwaka mmoja wa utarajali, kisha miaka mitatu ya uzamili katika udaktari wa watoto. Hiyo ni miaka tisa kabla ya kuitwa daktari bingwa wa watoto, bila kuhesabu miaka ambayo wengi hufanya kazi wilayani kabla ya kupata ufadhili wa kurudi chuoni. Mama, ambaye hakuwa amesema neno tangu kikao kianze, aliuliza swali moja tu: katika miaka hiyo kabla ya ubingwa, nitakuwa nikitibu watoto au watu wote? Nikajibu, watu wote. Rafiki yangu wa bwenini aliyekwenda njia hiyo, na ambaye ni daktari mzuri kweli, anaishi jibu hilo sasa hivi: usiku anafanya upasuaji wa wajawazito, mchana anaona wazee wenye presha, na wodi ya watoto anaifikia zamu yake inapoangukia huko. Bado anautaka ubingwa wa watoto na naamini ataupata. Anayeuchagua udaktari kwa ajili ya watoto ajue tu kwamba miaka yake mingi ya mwanzo ni ya watu wazima.

Hilo, hata hivyo, halikuwa la udaktari peke yake. Nilisoma Moshi, kwenye mazingira ya Hospitali ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971, ambapo pia kipo kituo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981 kuwafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, jambo lililonifaa kuliko nilivyotarajia, kwa kuwa mtoto wa fiziotherapia mara nyingi ni mtoto wa fundi wa vifaa vilevile. Mwaka wa kwanza ulikuwa wa anatomia, fiziolojia na biokemia. Na nilipoanza kwenda wodini, wagonjwa wangu wa mwanzo walikuwa vijana wa bodaboda waliovunjika mapaja na wazee waliopooza upande mmoja kwa kiharusi. Mzunguko wa watoto ulikuwa sehemu ndogo ya ratiba, na baadhi ya wenzetu waliokuja kwa ajili ya watoto walinung'unika wazi.

Mimi nilikuja kuwathamini wale wazee. Ubongo ulioumia hukaza misuli kwa namna zinazofanana, mwenye nao awe na miaka 70 au miezi kumi, na mzee ana faida moja: anaweza kukwambia kinachotokea. Anasema mkono unavuta, anasema goti linakataa, anasema hapo umeniumiza. Mtoto analia tu. Yale niliyoyajua baadaye kwa kugusa mguu wa mtoto asiyesema, niliyajifunza kwanza kwa watu waliokuwa wakinisimulia miili yao. Tofauti kubwa niliyoikuta nilipohamia kwa watoto ni kwamba mzee unamrudisha kwenye jambo alilowahi kuliweza, ilhali mtoto unamfundisha asilowahi kulifanya kabisa, na mama yake naye hajawahi kumwona akilifanya, kwa hiyo hakuna mtu chumbani anayekumbuka lilivyokuwa.

Nikiulizwa ni kliniki ipi iliyonithibitishia uchaguzi wangu, naitaja ya watoto wenye nyayo za kupinda. Tiba inayotumika, ya Ponseti, imepewa jina la daktari Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani, na uzuri wake ni kwamba karibu yote inafanywa kwa mikono na subira. Kichanga analetwa akiwa na wiki chache, nyayo zimegeukia ndani kama anataka kuzitazama. Mtaalamu anaunyoosha mguu taratibu kwa vidole, anaufunga hogo la plasta kuanzia vidoleni hadi pajani, na baada ya wiki analifungua, anaunyoosha zaidi kidogo, anafunga jingine. Kwa kawaida mahogo matano hadi saba hutosha, kisha mara nyingi kano la kisigino hukatwa kwa tundu dogo ili kisigino kishuke, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu. Wageni wengi wa kliniki hudhani hapo kazi imekwisha kwa sababu mguu umenyooka na mama anapiga picha. Kumbe kinachobaki ni kirefu kuliko vyote: viatu viwili vilivyounganishwa kwa upau, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku na wakati wa kulala mchana mpaka mtoto afikishe takriban miaka minne. Wakiviacha, nyayo hurudi zilikotoka.

Kwa miaka hiyo, mama anayekuja kliniki anahitaji mtu wa kumsikiliza yeye pale jirani anaposema viatu vile ni mateso, mtu wa kumwonyesha lengelenge lipi ni la kawaida na lipi ni la kiatu kilichofungwa vibaya, mtu wa kumuuliza kwa upole kama baba wa mtoto amevikubali. Daktari wa upasuaji aliyekata kano alikuwa na mtoto huyo kwa dakika chache zenye thamani kubwa. Sisi tulikuwa naye tangu hogo la kwanza mpaka akaja kliniki akikimbia. Nilichotaka tangu siku za wodi ya Tanga kilikuwa ni muda wa namna hiyo, na muda huo haukuwa umeandikwa mahali popote kwenye maelezo ya shahada.

Kuna jambo moja ningependa kila kijana anayesema anapenda watoto alielewe mapema: sehemu kubwa ya kazi hii inafanyika na mtu mzima. Hivi karibuni alikuja bibi mmoja na mjukuu wa miaka miwili mwenye mtindio wa ubongo, miguu imekaza na kupishana kama mkasi. Mahali fulani kabla ya kwetu alikuwa ameambiwa aache kumbeba mgongoni, amzoeze kiti. Kiti hakuwa nacho wala fedha ya kukinunua, hivyo mtoto alishinda amelalia mkeka. Nilimwomba ambebe kama alivyowabeba wanawe. Alimrusha mgongoni kwa ustadi ambao chuo hakikunifundisha, akazungusha kanga, akaikaza kifuani, na mapaja ya mtoto yakatanuka kuzunguka kiuno chake, makalio yamekaa chini vizuri, kifua kimeegemea mgongo wa bibi na kichwa kikawa huru kutazama huku na huku. Ndiyo hali ambayo ningemweka godoroni, na pale hakukuwa na haja ya godoro. Nilimwonyesha tu jinsi ya kuweka mkono mmoja chini ya goti lililokuwa likiteleza, na ni baada ya dakika ngapi ambadilishe. Akaniuliza, kama wanavyouliza wote, "Mwanangu, huyu atatembea?" Mtoto wa hali hii anayeweza kuketi mwenyewe kabla ya kufikisha miaka miwili ana nafasi nzuri ya kutembea, lakini mjukuu wake alikuwa hajaketi. Nilimwambia hivyo, kwa maneno ya polepole, na tukaongea kuhusu kuketi kwanza.

Asiyeweza kulisema jambo kama hilo na mgonjwa wa pili akaingia dakika hiyo hiyo, ni vema akajichunguza kabla ya kujaza fomu. Kupenda watoto kunasaidia, lakini watoto wengi watakulilia wakikuona, kwa sababu wewe ndiye unayewanyoosha, unayewadunga au unayewanyima kitu. Mwenzangu aliyesoma Lishe ya Binadamu katika Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, ana amani na kazi yake kuliko watu wengi ninaowajua, na hamgusi mtoto ila kwa nadra: anashinda na akina mama vijijini akipika nao uji wa lishe, na utapiamlo anaukuta kabla haujafika wodini. Mwingine aliyesoma uuguzi yuko kwenye chumba cha watoto njiti na hataki kusikia habari za kuhamishwa. Siku hizi kijana ana fani ambazo sisi hatukuziwaza, kama usikivu na tiba ya matamshi inayofundishwa Muhimbili, au tiba kwa vitendo, ambayo humsaidia mtoto kushika kijiko, kuvaa na kucheza, na ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayosahauliwa kuliko zote na wenye alama nzuri.

Kwa anayeniuliza, ninachoshauri kwanza ni kwenda kukaa hospitalini, kwa ruhusa, na kuuliza swali la saa nane mchana. Baada ya hapo yapo ya kuhakikisha kabla ya kulipenda jina la kozi: kama wahitimu wake wanasajiliwa na baraza la taaluma husika, maana bila usajili huruhusiwi kumgusa mgonjwa, kama kada hiyo imekuwa ikionekana katika matangazo ya ajira ya serikali, kama hospitali ya mafunzo ina kliniki za watoto zinazofanya kazi kweli, na kama kuna njia ya uzamili inayoelekea kwa watoto, hapa nchini au jirani. Sifa za chuo kwa ujumla nazipa uzito mdogo kuliko wengi wanavyozipa. Chuo chenye jina kubwa kisichokupeleka kwenye kliniki ya watoto hakitakusaidia katika jambo hili.

Mpwa wangu amemaliza kidato cha sita mwaka huu na ameomba udaktari katika chuo kimoja na fiziotherapia katika kingine, baada ya kushinda nasi kliniki na kuamua kwamba zote mbili anaziweza. Sikumshawishi upande wowote. Nilimkumbusha tu kwamba akichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja atatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba maalumu atakayotumiwa, ndani ya muda uliopangwa, na kwamba maombi ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ni shughuli nyingine kabisa yenye tarehe zake, ambayo haiendi bila cheti cha kuzaliwa kuhakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Cheti chake kina herufi moja tofauti na jina la kwenye cheti cha kidato cha nne, kwa hiyo wiki hii anahangaikia hiyo herufi.